Bata Aliyesema kwa Sauti ya Baba

Siku hizi habari ya msiba huja kwa sauti. Zamani ingeletwa na mtu mwenye vumbi miguuni, ambaye angeomba maji kwanza na kukupa muda wa kumsoma usoni; sasa inakaa ndani ya simu ikisubiri kidole chako. Hii iliyonifikia hapa Bukavu wiki iliyopita ilitoka kwa binamu yangu wa Baraka, kule kwetu ziwani. "Yaya," alisema, kwa maana mimi ni dada yake mkubwa, "ule tonton wa video, ule kinyozi, ametuacha leo asubuhi. Baba yako analia, lakini hatumusikie." Msomaji wa kawaida angedhani binamu yangu amekosea kusema. Hakukosea. Mnaosoma safu hii mnanijua: nimeshauliza hapa kwa nini manabii hawaugui hadharani, na kwa nini barabara ya Fizi hutengenezwa kwenye hotuba tu. Leo nataka kumkumbuka mtu ambaye nilimuuliza swali moja nikiwa mtoto, akanijibu, na jibu lake sijaweza kulitupa wala kulimeza.

Marehemu alikuwa kinyozi mwenye masharubu aliyoyatunza kuliko vichwa vya wateja wake. Alitoka katika moja ya zile familia za Kiislamu zilizokaa ufukweni Baraka tangu zamani, na saluni yake ilikuwa chumba kimoja cha matofali karibu na soko. Vita vya pili vya Kongo vilipoanza na wageni wakaanza kuondoka, daktari mmoja Mkanada alimwachia televisheni, mashine ya kuchezea kanda, na katoni moja ya kanda za katuni ambazo watoto wake walikuwa wamezichoka. Hiyo ndiyo ikawa sinema yetu. Jumapili alasiri, misa na ibada zikiisha, aliziba dirisha kwa blanketi, akawasha jenereta ndogo nyuma ya nyumba, na mchana wa Baraka ukageuka giza lenye harufu ya petroli na poda ya kunyolea. Watoto tulikaa mbele, akina mama nyuma, na mlangoni walisimama wanaume wenye silaha ambao hatukuwauliza ni wa upande gani.

Katuni zile zilikuwa za msitu wa Kanada: nungunungu aliyetengeneza vitu vilivyovunjika, bundi aliyekuwa mwalimu, bata bukini mkubwa wa shingo ndefu, na theluji kila mahali. Zilisema Kifaransa cha kwao, ambacho hata mwalimu wetu wa Kifaransa alikiri hakijui, kwa hiyo kinyozi alizima sauti na kuwasemea wanyama wote yeye mwenyewe, akiwa amesimama kando ya kioo cha televisheni na kitana mkononi kama kipaza sauti. Watazamaji hawakukaa kimya. "Unga yote ile chini," mama mmoja alilalamika alipoiona theluji, "na hakuna mwanamuke hata moja anaokota!" Mwingine alipomwona bundi akifundisha, alijifunika kitenge usoni: "Bundi njo mwalimu? Aa, ile école batoto batakufa bote." Na nakumbuka askari mmoja kijana, bunduki begani, aliyeangalia kwa muda mrefu kisha akauliza kwa uchungu kabisa, "Tonton, mbona mu hii pori hamuna hata mbunduki moja?"

"Ni pori ya Bazungu," akajibu nungunungu, kwa maana kinyozi hakugeuka.

"Sasa barrière nani anachunga?" askari akauliza, akimaanisha kizuizi cha barabarani.

"Theluji."

Chumba kizima kilicheka. Askari naye alicheka, baada ya kutuangalia kwanza.

Kilichotuleta kila Jumapili si wanyama. Ni sauti. Kinyozi aliweza kuiga sauti za watu, na mwanzoni aliiga watu tuliowajua wote ili tucheke. Bundi alipewa sauti ya mama muuza ndagala, dagaa wa kwetu, aliyekuwa akigombana na soko zima. Nungunungu alisema kama katekista mmoja mwenye kigugumizi. Kisha vita vikasogea. Watu walikimbilia milimani, wakakimbilia ng'ambo ya ziwa, wakarudi, wakakimbia tena. Baada ya mauaji ya Makobola kulikuwa na familia zilizorudi mtu mmoja mmoja. Mama wa ndagala akafa, katekista akafa, na kinyozi hakubadilisha sauti zao. Bundi aliendelea kugombana. Nungunungu aliendelea kukwama kwenye herufi zilezile. Na akina mama wakaanza kuja kwa wingi, si kwa kucheka tena. Mjane wa katekista alikaa ukutani kila Jumapili, na nungunungu alipokwama aliinamisha kichwa mbele kidogo, kama mtu anayemsaidia mwenzake kutoa neno.

Kutokana na hayo sisi watoto tulitunga sheria, na wakubwa wakaitwaa bila kutushukuru: anayesikika kwenye katuni amekufa, na kama hajafa, atakufa. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Nadhani ile ndiyo ilikuwa saluni pekee katika Kongo nzima ambamo hakuna aliyezungumza. Wateja waliingia, wakaitika kwa kichwa, wakaonyesha kwa kidole wapi pakatwe na wapi pabaki, wakalipa, wakatoka. Mtu aliyekatwa na wembe kwa bahati mbaya alikunja uso tu. Kinyozi, aliyependa maneno kuliko chakula, alifanya kazi yake wiki nzima katikati ya mabubu, akisikiliza mkasi wake mwenyewe. Leo ningewaambia watu wale kwamba katika miaka ile ungeiga sauti ya mtu yeyote wa eneo letu la Fizi, ungekuwa na nafasi kubwa ya kuiga sauti ya marehemu. Sheria yetu haikuwa uchawi; ilikuwa vita tu. Lakini wakati ule hakuna aliyeniomba maoni, na mimi mwenyewe nilipopita mbele ya saluni nilifunga mdomo.

Baba yangu alikuwa fundi wa injini za boti. Alikuwa amevuka kwenda upande wa Kigoma kutafuta vipuri, na masika yote yalipita bila habari. Alikuwa na tabia moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: kabla ya kusema alivuta pumzi kupitia meno, *sss*, kama aliyeonja chai ya moto, ndipo sentensi ikafuata. Jumapili moja tulikuwa tunaangalia kanda ambayo bata bukini, baridi ikikaribia, anasimama kando ya ziwa lililoganda na kumuaga nungunungu kabla ya kuruka kwenda kusini. Bata akafungua mdomo. *Sss*. "Tutaona, bakubwa," akasema, "tutaona, ziwa haina mulango."

Ilikuwa sauti ya baba, na neno lake la kila safari. Haikuwa sauti inayofanana na ya baba. Ngozi ya kichwa changu ilisisimka kabla sijaelewa kwa nini.

Mama alisimama kule nyuma. Hakupiga kelele. Aliuliza polepole, kama anayeuliza bei ya mihogo: "Ulimuona wapi?"

Kinyozi alishusha kitana. Kwenye kioo bata aliendelea kufungua na kufunga mdomo, bila sauti, akiaga.

"Mama," kinyozi akasema hatimaye, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo tulikuwa karibu tumeisahau, "sikumuona. Nilimukumbuka tu."

"Weye unakumbukaka bantu benye balikufa tu."

Jenereta ilinguruma. Mama aliokota kitenge chake, akanishika mkono, tukatoka kwenye jua lililoniumiza macho.

Kabla ya jioni ua wetu ulikuwa umejaa wanawake kwenye mikeka, na baba mdogo alikuwa anasema tunyoe vichwa, matanga yaanze. Bibi yangu, mama wa baba, ndiye aliyekataa. Alikaa kwenye kizingiti akizuia mlango kwa miguu yake. "Hatunyoe," alisema. "Hakuna maiti. Hakuna mutu alileta habari. Kuko libata tu. Munataka nililie mutoto wangu juu ya libata?" Baba mdogo akamwambia kwamba hata mtu wa kunyoa ni yuleyule kinyozi, na sijui kama alikusudia kuchekesha, lakini mwanamke mmoja alicheka kwa woga, na kicheko hicho kikawatawanya watu. Mama yangu alibaki katikati: hakuwa mjane, hakuwa mke. Usiku hakulala. Alikuwa amesikia sauti ya mume wake na haikumfariji.

Kesho yake nilikwenda saluni baada ya shule. Nilikuwa nimefikiria jambo, na hadi leo nadhani lilikuwa wazo zuri. Nilisimama mbele ya kiti chake nikavunja kimya cha nyumba ile. "Tonton, fanya sauti yangu."

Alinitazama kupitia kioo cha ukutani. "Juu ya nini?"

"Wote waniskie ndani ya katuni. Nikibaki mzima, basi baba naye ni mzima."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walitazama chini. Kinyozi alichukua brashi akaanza kupangusa nywele kwenye kiti ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekikalia. "Hapana," akasema. "Yako ungali unaitumikisha."

Nilitaka kuuliza, na ya baba je? Lakini niliona mkono wake ulivyokuwa unapangusa, ukipangusa palepale, nikaondoka. Tangu siku ile kila bata alipotokea kwenye kioo kinyozi alifumba mdomo, na sisi sote tulikaa tukimtazama ndege yule akiaga kimyakimya. Kanda ile ilikatika hapohapo. Bata alipaa, theluji ikaanguka, na baada yake mistari myeusi tu. Hatukuwahi kumwona akirudi.

Baba alirudi. Alishuka kwenye boti asubuhi moja, amekonda, na dada yangu alimtambua kwa mwendo. Mama alikimbia hadi majini na viatu. Baba alimshika mabega, akavuta pumzi kupitia meno, *sss*, nasi sote tukasubiri. Hakikufuata kitu. Alikuwa na mdomo, alikuwa na ulimi, alikuwa na hewa. Sauti ndiyo haikuwepo. Kilichotoka kilikuwa mnong'ono kama karatasi inayokunjwa, uliohitaji uweke sikio mdomoni pake. Alieleza kwamba aliugua koo akiwa safarini, likavimba, likapasuliwa kwenye kituo kimoja cha afya, na muuguzi akamwambia mshipa wa sauti umekatika. Maelezo hayo yanatosha. Nimewauliza madaktari wawili hapa Bukavu na wote wamesema hutokea. Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza baba ni siku gani hasa sauti ilikwenda. Alifikiri sana. "Jumapili," akanong'ona. "Nilikuwa nasema, kisha basi." Sikumuuliza zaidi. Katika vita kuna Jumapili nyingi.

Siku chache baada ya kurudi alikwenda mwenyewe kwenye saluni. Tulimfuata kwa mbali. Alikaa mbele, kwenye nafasi ya watoto, akaonyesha katoni ya kanda, akaonyesha shingo ndefu kwa mkono. Kinyozi alikataa kwa kichwa. Baba akaonyesha tena. Basi kanda ikawekwa, bata akasimama kando ya ziwa lake la barafu, na kinyozi, akiwa amefumba macho, akasema kwa sauti ya baba. Baba alijisikiliza mdomo wazi, kama mtu aliyepewa picha yake ya ujana. Alipotoka aliacha mkono wake juu ya bega la kinyozi kwa muda. Ndipo urafiki wao ulipoanza, na ni urafiki ambao sijui niuite nini. Dada yangu alipoposwa na watu wa ukoo wa mume wakaja kuzungumzia mahari, kinyozi alikaa nyuma ya baba kwenye kiti kifupi. Baba alinong'ona, kinyozi akasikiliza, kisha sauti ya baba, ile nene, ya zamani, ikatoka nyuma ya bega lake: *sss*, "Bakwe, sisi hatuuzishe mutoto, lakini pia hatumutupe." Mshenga wao, aliyemjua baba tangu kabla ya vita, aliinuka nusu kwenye kiti. Mjomba wa bwana harusi aliomba maji. Kwa kweli walikubali upesi. Nadhani walitaka kutoka mle.

Nilipofika chuo kikuu nilichagua kuandika mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia masomo, kuhusu katuni za Kanada, na profesa alidhani natania. Nilitaka kujua nani alitufanyia vile. Nilichojifunza kinashangaza. Wakanada walianza kuchora katuni kwa nguvu wakati wa vita vikuu vya pili vya dunia, katika taasisi ya filamu ya serikali yao, ili kuwahimiza wananchi wachangie vita. Baadaye vijana waliofundwa humo na wengine walifungua studio ndogo Montréal, Toronto, Ottawa, Vancouver. Nyingi zilianza kwa kuwachorea Wamarekani kazi ambayo jina lake lingekuwa la wengine. Kisha serikali ikatoa misaada, mikataba na Ufaransa ikawekwa, na zikazaliwa zile katuni za upole, msitu na theluji, ambamo televisheni zao hazikutaka bunduki. Hata michoro ya katikati, ile ya kuunganisha mwendo mmoja na mwingine, mara nyingi ilipelekwa Asia ichorwe na mikono isiyojua theluji kama sisi. Vancouver wakajaribu kompyuta kabla ya wengi. Halafu studio kubwa zikameza ndogo, nyingine zikafunga, na vipindi vikabaki kama mayatima, haijulikani nani ana haki ya kuvionyesha. Studio ya bata wetu ilifungwa. Mzee mmoja aliyewahi kuichorea alinijibu kwa upole kwamba hakumbuki kama bata alirudi. Pengine sehemu hiyo haikuchorwa.

Lakini jambo lililonikaa zaidi lilikuwa la kiufundi, nalo liko katika ukurasa wa kwanza wa kila kitabu cha fani hiyo. Katuni haitembei. Ni michoro iliyosimama, mmoja baada ya mwingine, na kati yake kuna pengo. Jicho la mtazamaji ndilo linalojaza pengo, kwa sababu haliwezi kuvumilia kitu kilichokatika. Niliposoma hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu, maana niliona nimemkamata kinyozi. Hakuwa mchawi. Pengine hata hakuwa mwigaji hodari. Alitupa kigugumizi kidogo, pumzi kati ya meno, neno la mazoea, na sisi, tuliojaa mapengo, tukajaza yaliyobaki. Nilimweleza hayo likizo moja. Alisikiliza akinoa wembe. "Inawezekana," akasema. "Sasa mushenga naye alikuwa na pengo gani?"

Baada ya habari ile ya simu, nilifika Baraka siku ya hitima ya kinyozi. Gari lilisimama kidogo Lusenda, na watoto wa kambi ya wakimbizi wa Burundi walikuwa wamejikusanya juu ya simu moja wakiangalia katuni, wakiwasemea wanyama kwa Kirundi. Uani kwa marehemu, baada ya dua, wazee waliomba rafiki yake mkubwa aseme neno. Wote wakamtazama baba yangu, na hapo ndipo kila mtu alipotambua kilichotufika. Mdomo aliokuwa akisemea ulikuwa umezikwa. Baba alisimama. Alivuta pumzi kupitia meno, na kimya kilichofuata kilikuwa kilekile cha ufukweni siku aliyorudi. Mama aliangalia mikono yake. Niliona kwamba angekaa chini, na kwamba akikaa, hatasimama tena mbele ya watu maisha yake yote.

Nikaenda nikakaa nyuma yake, kwenye kile kiti kifupi, naye akainama, nikamwekea sikio. Aliponong'ona nilisema. Sikuiga. Siwezi kuiga hata jogoo. Nilisema kwa sauti yangu ya kawaida, ya kike, kavu kidogo, kwamba mtu huyu alimtunzia kitu chake alipokuwa mbali, na alipokirudia hakumwambia kimeharibika, alimwambia tukitumie wote. Kwamba ziwa halina mlango. Nilipoinua macho, mjane wa katekista, mzee sasa, alikuwa ameinamisha kichwa mbele, na mama yangu alikuwa amefunika mdomo kwa viganja. Jioni shangazi zangu waliniapia kwamba walimsikia baba. Binamu yangu alisema hivyohivyo: "Yaya, ilikuwa yeye. Ilikuwa yeye kabisa."

Binamu alikuwa amerekodi, na kwa kuwa mimi ni mimi, nilisikiliza. Ni sauti yangu. Naandika hili wazi ili mtu asije akaanzisha sheria nyingine: ni sauti yangu mwanzo hadi mwisho, na waliosikia kingine walikisikia kwa sababu walikihitaji. Kimebaki kitu kimoja tu. Kabla ya kila sentensi kuna *sss*, karibu na simu, na baba alikuwa ameinama upande wa pili, mbali na simu. Mimi sina tabia hiyo. Nimerudia kusikiliza, kisha nimeacha.

Nilichojifunza ni kidogo, lakini ni changu. Nilitumia miaka nikitafuta kama kinyozi alichukua sauti za watu, nikasahau kuuliza zingekuwa wapi kama asingezichukua. Studio zile za theluji ziliweka kazi yao kwenye kanda na kwenye mikataba, na leo bata wao hajulikani aliko. Bata wetu bado anaaga Baraka. Sauti haitunzwi kwa kufungiwa. Hutunzwa na mtu anayekubali kuibeba mdomoni bila kujua itamfanya nini. Basi kama yako ungali unaitumia, itumie. Na kama jirani yako amenyamazishwa, kaa nyuma yake, umpe sikio, useme. Usiogope wakisema wamemsikia yeye.